Nafundisha wenzangu kujipima matiti, uvimbe wangu nimeuficha miezi minne

BARUA

Shikamoo Mama.

Nakuandikia nikiwa nimefunga mlango, maana hapa mwaloni, mitumbwi inapofikia, nyumba zimebanana na maneno hayana ukuta.

Nina miaka 43, nina watoto wanne, naishi upande wa Ukerewe. Kazi yangu ni dagaa. Mitumbwi ikirudi alfajiri nanunua, naanika, zikikauka nawauzia wanaopeleka soko la Kirumba, Mwanza. Mume wangu ni mvuvi, muda mwingi yuko kambini visiwa vya mbali. Anarudi nyumbani mbalamwezi ikikomaa, kwa sababu siku hizo taa haziwavuti dagaa na mitumbwi inakaa nchi kavu.

Mwaka juzi walikuja wauguzi kutoka mjini wakatufundisha kujipima matiti. Walikuja na titi la mpira lenye vinundu ndani, kila mmoja akapapasa mpaka akavipata. Kikoba chetu kina wanawake 28. Kwa kuwa mimi ni katibu na nilimaliza kidato cha nne, wakanichagua niwe wa kuwakumbusha wenzangu. Nikalibeba jambo hilo moyoni. Kila mbalamwezi, mwalo ukiwa umelala na hakuna dagaa wa kuanika, tunakusanyika uani kwangu, tunafunga geti, tunatandika mkeka. Walioacha hedhi nimewaambia mbalamwezi ndiyo kalenda yao ya kujipima. Nawaonyesha namna ya kushika titi kwa vidole viwili, unalibana taratibu pande zote kutafuta uvimbe. Somo la kwanza kabisa nilifungua kwa methali, mficha maradhi kifo humuumbua. Wamenipa jina, wananiita Mwalimu wa Maziwa. Hata watoto dukani wananiita hivyo.

Mama, ni miezi minne sasa tangu nilipokuwa naoga nikakuta kitu kwenye titi la kushoto, juu, upande wa kwapa. Kigumu, ukubwa wa punje ya haragwe. Hakiumi. Nikisukuma hakiendi mbali. Nilijiambia kitaondoka na hedhi. Hedhi imekuja na kwenda mara nne, chenyewe kipo. Sijamwambia mtu. Na katika miezi hiyo minne nimefundisha mara nne, nimekaa kwenye mkeka nikawaambia wenzangu ukiona kitu nenda hospitali, huku mkono wangu wa kushoto nimeubana ubavuni.

Kinachonizuia ni vitu vingi. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, titi lilivimba. Wakasema katupiwa uchawi. Akakaa kwa mganga miaka miwili, akapakwa dawa mpaka ngozi ikafunguka kidonda. Alipopelekwa hospitali akakatwa titi, hakumaliza mwaka. Mpaka leo hapa mwaloni wanasema kisu ndicho kilichomuua, kwamba ugonjwa ule ukiguswa na chuma unasambaa. Nami kichwani najua wanakosea, lakini usiku nawaamini.

Pia namfikiria mume wangu, atamtazamaje mwanamke asiye na titi. Na nawafikiria wanawake wa kikoba. Tulipoanza wapo waliosema ukikitafuta utakipata. Sasa mwalimu mwenyewe akipelekwa Bugando, hospitali ya rufaa kule Mwanza, nani atakuja tena kukaa kwenye mkeka?

Nina mambo mawili mengine. Kuna mdogo wetu mmoja kwenye kikundi ananyonyesha mtoto wa miezi saba. Alipata uvimbe, nikamwambia aende zahanati, akapewa dawa za siku saba kwamba ni maziwa yameganda. Amezimaliza, homa iliisha, uvimbe upo palepale wiki ya tano. Nimwambie nini? La pili, nimekuwa nikiwaahidi kwamba ukijipima kila mwezi saratani haitakuua. Je, ni kweli? Maana kama si kweli nimewadanganya watu 28.

Nina mdogo wangu wa tumbo moja anakaa Buhongwa, Mwanza mjini, lakini ana mimba, sikutaka kumtia hofu.

Mwalimu wa Maziwa, Ukerewe


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na la mwisho kufika moyoni mwako, ingawa ndilo la kwanza: nenda wiki hii. Usisubiri mbalamwezi, usisubiri mume arudi, usisubiri dagaa wa msimu huu wauzwe. Uvimbe mgumu, usiouma, usiosogea vizuri, uliovuka hedhi nne kwa mwanamke wa miaka 43, ni wa kupimwa hospitali.

Sijui ni nini. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga miaka 31 na vidole vyangu havijawahi kuniambia kwa hakika kama uvimbe ni saratani au siyo. Vyako pia haviwezi. Shirika la Afya Duniani linasema uvimbe mwingi wa matiti si saratani, hata kufikia asilimia 90. Kuna vifuko vya maji, kuna vinundu vya ujana vinavyoteleza chini ya kidole kama goroli, kuna mafuta yaliyoganda baada ya titi kuumizwa. Basi huenda umebeba miezi minne hofu ya kitu ambacho kingemalizwa kwa sindano moja. Lakini kule kutouma usikufanye faraja. Nimewasikia wanawake wengi wakisema “hakiniumi” kama vile wanaleta habari njema. Saratani ya titi inapoanza, mara nyingi haiumi kabisa. Maumivu yanakuja baadaye, wakati ambapo ungependa yangekuja mapema.

Sasa nikwambie utakachokutana nacho huko, kwa sababu naamini nusu ya hofu yako ni ya kutojua mlango wa pili una nini nyuma yake.

Anzia hospitali ya wilaya pale Nansio. Usiseme “najisikia vibaya kifuani”, maana utapewa dawa za kifua. Sema maneno haya: nina uvimbe kwenye titi la kushoto, nina miezi minne nao, haujapungua. Wakipenda kukuandikia dawa na kukwambia urudi baada ya mwezi, omba barua ya rufaa kwenda Bugando, na uiombe kwa heshima lakini usiondoke bila hiyo. Taja miezi minne hiyohiyo, usiipunguze kwa aibu. Daktari anayeambiwa wiki mbili atapanga mambo ya wiki mbili.

Bugando watakufanyia mambo matatu, na matatu hayo yanakwenda pamoja. Kwanza daktari atakutazama na kukupapasa matiti yote mawili, makwapa na juu ya mtulinga. Unaweza kuomba muuguzi wa kike awepo chumbani. Halafu picha: altrasaundi, ile wanayopaka jeli kama ya wajawazito, na kwa umri wako huenda na mamografia, mashine inayolibana titi katikati ya vibao viwili kwa muda mfupi. Inabana, sitakuficha, lakini inaisha upesi. Kisha kuchukua kinyama. Wanakuchoma ganzi, wanaingiza sindano nene kwenye uvimbe, wanatoa vipande vyembamba kama uzi, vinakwenda maabara kutazamwa kwa darubini. Hapo ndipo ukweli ulipo. Picha inashuku, mkono unashuku, kinyama ndicho kinachosema.

Majibu ya kinyama hayatoki siku ileile, na hapa ndipo wanawake wa visiwani wanapopotea. Wanaambiwa “rudi tarehe fulani”, wanafikiria nauli ya meli, tarehe inapita. Kabla hujatoka chumbani uliza majibu yatatoka lini, yatachukuliwa dirisha gani, namba ya faili lako ni ipi, na je, ndugu aliyeko mjini anaweza kuulizia. Andika. Shirika la Afya Duniani katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanza 2021 linataka mgonjwa awe amejua ugonjwa wake ndani ya siku 60 tangu alipofika kituo cha afya mara ya kwanza. Siku 60 za kutoka mlango wa kwanza hadi jibu. Wewe umeshatumia 120 kabla ya kufika mlangoni.

Kuhusu dada yako, pole sana. Nimelisikia neno hilo la chuma tangu nikiwa mwanafunzi, na nimewahi kusimama wodini nikitazama familia ikimvisha mama yao nguo aondoke kabla ya upasuaji kwa sababu ya neno hilo. Basi hesabu pamoja nami. Uvimbe ulikuwepo. Miaka miwili ilipita. Ngozi ikafunguka. Titi linapofika kuwa na kidonda, ugonjwa umeshatoka kwenye kinundu, umefika kwenye ngozi, mara nyingi umefika kwapani, na kwa wengi umeshatembea hadi kwenye mifupa, mapafu au ini bila mtu kuuona. Daktari alikata kilichoonekana. Kilichomuua dada yako kilikuwa kimeshaondoka kwenye titi kabla hajapanda meli. Na sindano ya kuchukua kinyama inatumika duniani kote kila siku, hao wanaopimwa mapema kwa sindano ndio wanaopona. Waliokaa mwaloni wamemwona dada yako tu. Hawajawaona wanawake waliokatwa na wako sokoni wanauza nyanya, kwa sababu waliopona hawavui blauzi kuonyesha.

Nami nina langu la kukueleza. Miaka mingi iliyopita, nikiwa nesi kijana kwenye zahanati moja ya pwani ya ziwa, alikuja mama ananyonyesha, ana uvimbe. Nilimpapasa, nikamwambia ni maziwa yameganda, nikampa dawa, nikamwambia akande na maji ya moto na aendelee kunyonyesha. Sikumwambia arudi lini. Ndilo kosa lenyewe. Alirudi mtoto anatembea, titi gumu kama ubao na ngozi imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Sura yake sijaisahau. Ndiyo maana swali lako kuhusu huyo mdogo wenu wa mtoto wa miezi saba nalijibu nikiwa nimesimama.

Mwenye kunyonyesha kweli hupata uvimbe wa maziwa, na wengi wao ni huo tu. Titi linakuwa jekundu, la moto, homa inapanda, dawa zinaingia, ndani ya siku chache nafuu inaonekana. Lakini uvimbe uliobaki baada ya kumaliza dawa haupewi dawa nyingine za siku saba na siku saba tena. Unapigwa altrasaundi. Kunyonyesha hakuzuii altrasaundi wala sindano. Wiki ya tano ni nyingi. Nenda naye. Namaanisha pandeni meli moja, wewe na yeye na mtoto wake mgongoni.

Sasa ahadi yako kwa wanawake 28. Hapana, mwanangu, si kweli. Na nafurahi umeuliza, kwa sababu wengi wanaofundisha jambo hili hawaulizi.

Kule Shanghai, China, mwaka 1989 ulianza utafiti mkubwa kwa wanawake wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Walikuwa 266,064. Nusu walifundishwa kujipima matiti kwa makini, wakakumbushwa mara kwa mara, wakasimamiwa wakijipima. Nusu nyingine hawakufundishwa. Walifuatiliwa miaka 10 na matokeo yakatolewa 2002. Waliofundishwa walikufa kwa saratani ya matiti 135, wasiofundishwa 131. Yaani sawasawa. Kilichozidi kwa waliofundishwa ni vinundu visivyo saratani vilivyogunduliwa, kwa hiyo hofu zaidi na sindano zaidi.

Ukisoma hivyo unaweza kukunja mkeka. Usikunje. Wanawake wa Shanghai, hata wasiofundishwa, walikuwa na kliniki kiwandani na waliokuta uvimbe walifika kwa daktari ukiwa bado mdogo. Hapa kwetu jambo ni jingine. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti nchini iliyofanywa 2017 ilikuta takriban wanawake 8 kati ya 10 wanagundulika wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Hao hawakukosa vidole. Nimewapokea mwenyewe: ukimuuliza, atakwambia alikiona tangu mwaka jana, tangu msiba wa fulani, tangu mtoto alipoingia darasa la kwanza. Alikijua. Kilichokosekana ni safari. Wewe mwenyewe ulikipata kikiwa haragwe, na mkono wako ulifanya kazi yake yote vizuri. Safari ndiyo haijaanza.

Kwa hiyo somo la uani kwako lina nusu iliyopungua, na nusu hiyo ndiyo nzito. Waambie mwanamke alijue titi lake kama anavyojua uso wake, ili likibadilika ashtuke. Kisha wafundishe njia: zahanati ipi, maneno gani ya kusema, barua ya rufaa inaombwaje, meli ni ipi, nani anabaki na watoto, hela inatoka wapi. Mwanamke atoke uani akiwa anajua jina la mtu atakayemsindikiza. Ahadi ya kwamba hatakufa usiwape tena. Waambie ukweli, kwamba kinachopatikana kidogo kinatibika kirahisi zaidi kuliko kinachopatikana kikubwa, na kwamba kujipima hakumlindi mtu asipokwenda.

Kuna jambo jingine ambalo mimi nalipenda kuliko yote, lilifanyika Mumbai, India, kuanzia 1998. Wanawake 151,538 wa miaka 35 hadi 64 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipimwa matiti kila baada ya miaka miwili, na waliopima hawakuwa madaktari, walikuwa wanawake wahudumu wa afya waliofundishwa, wanatumia mikono tu. Matokeo ya miaka 20 yalitoka 2021. Waliopimwa waligundulika ugonjwa ukiwa hatua za chini zaidi, na kwa wenye miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Mikono ya mwanamke mwingine aliyefundishwa, basi. Hiyo inawezekana Ukerewe. Kikoba chenu kimwombe mganga mfawidhi wa kituo cha afya kilicho karibu awatengee muuguzi siku moja, awapime wote walio na miaka 40 na zaidi, na mumwombe tena mwaka unaofuata. Kundi la watu 28 likiomba kwa barua yenye mhuri linasikilizwa tofauti na mtu mmoja mmoja.

Namna unavyowaonyesha kushika, irekebishe. Kulibana titi kwa vidole viwili kunafanya nyama ya kawaida ijikusanye, kila mtu atakuta uvimbe. Vidole vitatu vya kati, vikiwa vimelazwa, nyama laini ya vidole ndiyo inayopapasa na siyo ncha. Mwanamke alale chali, mkono wa upande unaopimwa aweke chini ya kichwa ili titi litandazike juu ya kifua. Avizungushe vidole kidogokidogo kama anayetafuta madonge kwenye unga alioushika kiganjani: kwanza kwa wepesi, hapohapo akandamize kidogo, hapohapo akandamize hadi asikie mbavu, ndipo asogee. Aende mistari ya juu na chini kuanzia kwapani hadi mfupa wa kifua, kuanzia mtulinga hadi chini ya mkunjo wa titi. Kwapa asiliruke. Pale juu upande wa kwapa, penye uvimbe wako, ndipo saratani nyingi za matiti zinapoanzia.

Na macho yatangulie vidole. Mbele ya kioo, mikono chini, kisha juu, kisha kiunoni akijikaza. Anatazama titi lililobadilika umbo, ngozi iliyovutwa ndani au yenye vishimo, chuchu iliyokuwa nje ikazama, upele wa chuchu usiopona, majimaji au damu inayotoka yenyewe bila kukamuliwa. Mwenye kuona mojawapo asisubiri kupata uvimbe.

Kalenda yako ya mbalamwezi imenifurahisha sana, na nitaiiba niwape wengine. Kwa walioacha hedhi haina kasoro, wanachohitaji ni siku isiyosahaulika, na mwalo mzima hauwezi kusahau siku ambayo mitumbwi hailali majini. Hata wajawazito inawafaa. Wenye hedhi waache wahesabu siku chache baada ya damu kukatika, titi likiwa limelainika, maana kabla ya hedhi matiti mengi huwa na mabonge na yanauma na mtu ataogopa bure.

Nirudi kwako. Ikitokea ni saratani, usifike pale ukidhani kuna jibu moja tu la kukatwa titi zima. Uvimbe ukiwa mdogo, mara nyingine wanatoa uvimbe na nyama kidogo inayouzunguka, titi linabaki, kisha mionzi. Mara nyingine inabidi litoke lote. Wengine wanaanza dripu za kemo, yaani dawa kali za saratani, ili uvimbe usinyae kwanza. Kinyama kilekile kitapimwa pia kama ugonjwa unalishwa na homoni, na kama ndiyo, kuna kidonge cha tamoksifeni kinachomezwa kila siku kwa miaka isiyopungua mitano, na kinasaidia sana. Uliza kama kipimo hicho cha homoni kimefanyika, usiogope kuuliza. Wakati naanza kazi, mgonjwa wa Kanda ya Ziwa aliyehitaji mionzi alipelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na wengi walikata tamaa wakifikiria safari tu. Leo mionzi ipo Bugando. Kutoka Nansio ni meli na kupanda kilima.

Mume wako simjui. Kwenye barua yako yote hukuniandikia neno baya hata moja juu yake, isipokuwa la hofu yako mwenyewe ya namna atakavyokutazama. Nimewaona wanaume waliokimbia, sitakwambia hawapo. Nimewaona pia wavuvi waliouza nyavu wakalala kwenye benchi nje ya wodi wiki tatu. Mpigie leo kambini akipata mtandao, mwambie “nina uvimbe kwenye titi, naenda kupimwa”, usimwombe ruhusa. Akija, mchukue mkaingie pamoja kwa daktari, asikie kwa masikio yake, si kwa maneno ya mwaloni. Na yeye mwenyewe apapase kifua chake siku moja, wanaume nao hupata ugonjwa huu, ingawa ni wachache, hawazidi mmoja kati ya wagonjwa 100.

Hela. Kikoba chenu kina mfuko wa jamii, vikoba vyote ninavyovijua vinao, na wewe katibu ndiye unayeuandika daftarini. Umewaandikia wenzako wangapi, wa msiba, wa mtoto kulazwa? Itisha kikao hata cha watu watano wa uongozi, omba kama mwanachama. Ukiona aibu kusema uvimbe, basi kumbuka kwamba wao wameshavua blauzi mbele yako.

Na kuhusu mkeka kubaki mtupu, hapo sikubaliani nawe kabisa. Miezi minne umewafundisha kwa mdomo mkono ukiwa umebana ubavuni. Wakisikia baadaye kwamba ulijua na ukanyamaza, hapo ndipo watakaposema kujipima ni kujitafutia balaa, maana hata mwalimu hakwenda. Wakikuona na mfuko wako kwenye gati la Nansio, na mdogo wenu na mtoto wake pembeni, watakuuliza unakwenda wapi. Wajibu. Ukirudi, uwe umepewa jibu jema au gumu, kaeni mbalamwezi inayofuata, waeleze kila chumba ulichopita, sindano ilivyokuwa, uliulizwa nini, ulilipa shilingi ngapi.

Mdogo wako wa Buhongwa mwenye mimba mpigie usiku huu. Anakaa mjini, ana kitanda, anajua daladala za kupanda, na ndiye atakayefuatilia majibu dirishani wewe ukiwa umerudi kwa watoto. Mwambie pia aseme kliniki ya wajawazito kwamba dada yake anachunguzwa titi, na naye apimwe matiti palepale.

Niandikie ukishapata tarehe ya kinyama.

Mama, mkunga mstaafu, Mwanza